Jaribio Likianguka, Nani Atalipa?

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Magongo



Tumeombwa tuzungumze juu ya namna kikundi, au chama chochote cha kazi, kinavyoweza kuzaa mawazo mapya. Waliosoma huita jambo hili ubunifu. Ni neno zuri, lakini limekuwa kama kanga ya harusi: latolewa siku ya wageni, kisha larudi kabatini. Sisi leo tungependa tulivae kama nguo ya kazi.

Tuanzie hapa hapa tulipo. Watu wa Magongo hawahitaji kuelezwa maana ya kazi kuondoka. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza 1963, na watu wakajenga maisha yao kando yake. Mwaka 2013 kikaacha kusafisha mafuta, na matangi yakabaki ya kuhifadhia tu. Halafu ikaja reli mpya. Abiria walianza kuipanda 2017, mizigo ikafuata 2018, na serikali ikaagiza makontena yapande garimoshi hadi Nairobi. Malori yakapungua barabarani. Lori likipungua si dereva peke yake anayepoteza. Anapoteza kijana wa kuziba pancha, fundi wa gereji, mwenye vyumba vya kulala, na mama wa chapati na maharagwe. Watu waliandamana mjini 2019, na agizo lenyewe likaja kuondolewa 2022. Lakini miaka minne ni mirefu kwa mtu mwenye sufuria moja.

Wakati ule vikundi vyetu vilifanya nini? Vingi tunavyovijua viliendelea na kazi ile ile kwa bei ya chini zaidi. Au viliangalia jirani anafanya nini, vikafanya hivyo hivyo. Mmoja akifungua kibanda cha maji, wa pili anafungua mkabala wake, wa tatu anafungua pembeni, na mwisho wote watatu wanakaa wakitazamana. Hatusemi haya kwa dharau. Mtu mwenye njaa haogopi jambo jipya kwa sababu ni mjinga. Analiogopa kwa sababu amepiga hesabu, akaona kwamba likishindikana watoto watalala bila chakula.

Basi fundo la mazungumzo yetu liko hapo. Watu wengi hudhani kikundi kinakosa mawazo mapya kwa sababu hakina watu werevu. Sisi hatuamini hivyo. Werevu wamejaa hapa Magongo, nenda gereji yoyote utawaona wakifufua injini iliyokwisha kuzikwa. Kinachokosekana ni jibu la swali moja dogo: tukijaribu jambo hili likaanguka, nani atalipa?

Mfano mzuri hauko mbali. Pale barabara ya Port Reitz, kwa mtu anayeelekea uwanja wa ndege, kuna chama cha ushirika cha wachongaji, Akamba Handicraft, kilichoanza 1963. Wengi wetu tumepita pale mara nyingi, tukasikia tezo zikilia, tukasema hayo ni ya watalii.

Kazi yenyewe ilianza kwa mtu mmoja kuona jambo ugenini na kulileta kwao. Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu huko Ukambani, alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Huko alijifunza kuchonga vinyago kwa Wazaramo. Vita vilipokwisha akarudi nyumbani, akachonga, na wengine wakajifunza kwake. Wakamba walikuwa na mikono ya kuchonga tangu zamani, vigoda na vijiko na mishikio, lakini sanamu za kuuza zilikuwa jambo jipya. Kutoka Wamunyu kazi hiyo ilienea mpaka Nairobi na mpaka huku kwetu Mombasa, na mwishoni mwa karne iliyopita ikawa inalisha maelfu ya nyumba nchini.

Mti wa heshima katika kazi ile ulikuwa mpingo, na hapa Pwani muhugu pia. Mpingo ni mweusi moyoni, ni mzito, na mnunuzi wa ng'ambo anaujua kwa sifa. Taabu yake ni kwamba unakua polepole mno. Anayeupanda leo hampandii mwanawe, pengine hata mjukuu hatauwahi. Katika miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba miti zaidi ya 50,000 ilikuwa ikikatwa Kenya kila mwaka kwa ajili ya uchongaji. Muhugu ukazidi kuadimika katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Magogo ya mpingo yakaanza kutafutwa mbali, hata kuvuka mpaka wa Tanzania, na gogo linalotoka mbali lina nauli, na lina mkono wa kila mtu aliyesimama njiani.

Na wakati huo mwarobaini ulikuwa umesimama uani.

Hebu fikirini. Mti huu uliotoka nchi za Bara Hindi, uliomea Pwani yetu mpaka tukausahau kwamba ni mgeni, ambao tunachuma majani yake kwa homa na kukata vijiti vyake vya kupigia mswaki, ndio huo huo unaofaa kwa kuchonga. Unakua haraka. Ukiukata unachipua. Wadudu hawaupendi kwa uchungu wake. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wakisaidiana na WWF, UNESCO na bustani ya mimea ya Kew kutoka Uingereza, waliwahimiza wachongaji waache miti ya msituni na wachukue hii ya kupandwa: mwarobaini, mwembe, jakaranda.

Mtu anayesikia habari hii haraka atasema, basi, shida imekwisha. Haikwisha. Mwarobaini mbichi ni rahisi kuchonga, lakini ukikauka unapasuka. Ndovu aliyeondoka Mombasa akiwa mzima hufika nchi ya baridi, akawekwa katika nyumba yenye moto wa kupasha joto, na baada ya wiki mbili ana ufa kutoka mgongoni hadi mguuni. Mnunuzi harudi tena. Jakaranda nao una maradhi yake ya wadudu. Na rangi: wateja walizoea weusi wa mpingo. Wapo waliotafuta njia ya mkato, wakachonga mti mweupe na kuupaka rangi ya viatu upate kuitwa mpingo. Nao walisema wamebuni! Sisi twasema huo ni ulaghai wa mara moja, mteja akiuosha tu mchezo umekwisha.

Sasa mtazameni mchongaji mmoja mmoja. Katika ushirika wa namna ile kila mtu ana namba yake, kipande chake kikiuzwa chama kinakata sehemu yake na kinachobaki ni chake mwenyewe. Mpango huo ni wa haki kabisa, anayefanya kazi ndiye anayekula. Lakini kwa jambo jipya una ugumu. Mtu akitumia siku nne kujaribu mti asioujua, na kipande kikapasuka, siku nne zile ni zake na njaa ni yake. Jirani yake aliyekaa akimtazama hakupoteza kitu. Na jaribio likifaulu, jirani yule ataiga kesho asubuhi bila kulipa senti. Kwa hesabu hiyo, mtu mwenye akili atasubiri mwenzake aanze. Wote wakiwa na akili, hakuna atakayeanza.

Ndiyo maana mambo kama kukausha hayawezi kuachiwa mtu mmoja. Kuukausha mti taratibu kunataka nafasi, kunataka subira ya wiki nyingi, na tanuri la kukaushia linataka pesa. Mtu mmoja hawezi kungoja hivyo, atakula nini? Chama kinaweza. Chama kinaweza kuweka magogo yakakauka huku wanachama wakiendelea na kazi nyingine. Chama kinaweza kusimama mbele ya mnunuzi na kumweleza kwamba huu ni mwarobaini, si mpingo, na hii ndiyo sababu. Ushirika wa Pwani ulizoea mwarobaini hivyo, hatua kwa hatua, kwa kusukumwa na bei ya magogo upande mmoja na wanunuzi wa nje upande wa pili. Katika miaka ya 2000 wakulima wa upande wa Malindi wenye miarobaini shambani walikaguliwa na kupata cheti cha FSC, yaani hati inayomhakikishia mnunuzi kwamba mti haukuibwa msituni. Mkulima aliyekuwa akiuona mwarobaini ni kivuli cha mbuzi akaanza kuuhesabu kama mali.

Tumekaa sana kwa wachongaji kwa sababu ni majirani. Lakini hebu tuingie jikoni kidogo, maana akina mama wameanza kutuangalia.

Lile jiko lenye kiuno na udongo ndani, ambalo karibu kila nyumba hapa ina moja, halikuwako zamani. Wazee wanakumbuka jiko la bati tupu lililokuwa likichoma mkaa na miguu ya watoto pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Kenya, Maxwell Kinyanjui akiwa mmoja wao, na shirika la KENGO lililojishughulisha na nishati, waliliangalia jiko la ndoo la Thailand. Lile la Thailand lina udongo kutoka juu hadi chini. Wakalichanganya na jiko letu la bati: juu likawa na kikombe cha udongo, chini likaachwa bati, na kitako kikawa kipana lisipinduke mtu akisonga ugali. Majiko ya kwanza hayakuwa mazuri. Udongo ulipasuka, vikombe vilibanduka. Yalirudishwa kwa mafundi wa jua kali, nao wakarekebisha umbo kwa nyundo zao wenyewe, maana wao ndio wanaojua bati linakunjwa vipi. Na aliyepika ugali juu yake ndiye aliyejua kama limekaa sawa. Jiko lililotoka hapo linapunguza mkaa kwa theluthi na wakati mwingine karibu nusu.

Hapo twaona jambo ambalo vikundi vyetu hulisahau. Mchoro ulikuwa wa mtaalamu, lakini kasoro ilijulikana kwa mpishi na dawa yake kwa mfua bati. Wote watatu wasingekutana, tungekuwa na jiko zuri la kuonyeshwa kwenye maonyesho ya kilimo na si jikoni. Vile vile hakuna aliyelifungia kwa hati ya kuzuia wengine kuliiga, kwa hiyo likaenea soko kwa soko. Wengine wanasema kwa sababu hiyo pia yametoka majiko mabovu mengi, na kweli yametoka. Sisi tungelichagua hilo kuliko jiko moja zuri la bei ambayo mama wa Magongo hawezi.

Mfano wa upande mwingine tutaupitia haraka. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Wahandisi walifanya kazi kubwa, na Februari 1990 gari lililoitwa Nyayo Pioneer likaonyeshwa Kasarani. Yalitengenezwa matano, na yalikimbia, hayakuwa ya mzaha. Lakini hayakuuzwa. Kutengeneza gari moja kwa mkono ni jambo moja, na kutengeneza elfu kwa bei ya mnunuzi ni jambo jingine, linalotaka mtaji mkubwa na watu wanaosubiri kununua. Tunadhani mafundi wale walionewa. Walipewa agizo lenye siku ya sherehe, na agizo lenye siku ya sherehe halimpi fundi nafasi ya kusema, jamani, tuanze na kitu kidogo, labda vipuri kwanza, tuone kama vitanunuliwa.

Linganisheni na hili mlilo nalo mfukoni. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, lakini kabla yake kulikuwa na jaribio, na jaribio lile lilifanywa na vikundi kama vyenu. Oktoba 2005 Safaricom na Vodafone, pamoja na Faulu, shirika la kukopesha vikundi, walianza kuwajaribisha wateja wasiofika hata 500. Kusudi lilikuwa moja: mwanachama alipe mkopo wake kwa simu badala ya kubeba pesa hadi mkutanoni. Haya basi, walipowapa watu simu wakaona mambo ambayo hawakuyapanga. Mtu akiweka pesa asubuhi kabla ya safari na kuzitoa alikofika, asiibiwe njiani. Wenye biashara walilipana. Mwingine alimtumia mwenzake wa nyumbani. Kwa upande wa Faulu, hesabu za mikopo zilizidi kuwa ngumu, kwa sababu vitabu vyao havikuoana na vya simu.

Wangekuwa watu wa kushikilia neno lao wangesema: wateja hawafuati maagizo, waonywe. Badala yake walitazama kile watu walichokuwa wakikifanya kwa hiari yao, wakaacha lengo la kwanza, na 2007 wakatoka na shauri moja tu, kutuma pesa nyumbani. Mjue kwamba wangeanza na watu milioni, wasingeweza kugeuza. Waligeuza kwa sababu walikuwa 500. Na gharama ya kujaribu ilibebwa na kampuni pamoja na msaada wa serikali ya Uingereza. Mwanachama wa kikundi hakuambiwa alipe simu zikishindwa.

Sasa turudi kwetu. Kikundi cha Magongo hakina Vodafone nyuma yake. Tutafanyaje?

Tuseme kikundi kina watu 20, na kila mmoja anatoa shilingi 100 kwa wiki. Katika kila mia, shilingi tano ziwekwe kando. Hizo ni shilingi 100 kwa wiki kwa kikundi kizima. Baada ya wiki 13 mna 1,300, na kila mtu ametoa 65 tu. Pesa hizo ziandikwe katika daftari kwa jina lake: mfuko wa majaribio. Kazi yake ni kupotea. Tunasema hivyo makusudi, msicheke. Zikirudi na faida, alhamdulillahi na asanteni Mungu, lakini siku mnapozitoa kila mtu ajue kwamba zinaweza zisirudi, na hakuna mwanachama atakayeitwa mbele ya mkutano kuulizwa kwa nini. Atakayeulizwa ni yule aliyezitumia kwa jambo jingine. Huyo ana kesi.

Halafu nani atoe wazo? Hapa tuna neno na wenyeviti wetu, na tunaomba watusamehe. Tuseme kikundi kinauza maji. Kuna msichana anayekaa kwenye bomba tangu alfajiri akijaza mitungi. Ameona kwamba watoto wanaotumwa maji wanashindwa na mtungi wa lita 20, wanaumwaga nusu njiani, na kesho yake mama zao wanamwita mwenye mkokoteni wa jirani. Anafikiri, tungekuwa na mitungi ya lita 10 ya kuazima, tungewapata wale. Siku ya mkutano mwenyekiti anafungua: "Mimi naona biashara ni mbaya kwa sababu bei yetu iko juu. Nani ana maoni?" Mzee ameshasema ni bei. Msichana yule ameanza kazi juzi. Atasimama ampinge mzee wa umri wa baba yake mbele ya watu? Hatasimama, na adabu aliyofundishwa nyumbani ndiyo inayomkalisha. Adabu hiyo ni nzuri, hatutaki aipoteze.

Dawa ni kubadili mpango wa mkutano bila kumgusa mtu heshima yake. Anayeshika kazi kwa mikono aseme kwanza, na wa mwisho kuingia aseme kabla ya wa kwanza. Mwenyekiti aseme mwisho. Kwa njia hii hakuna mdogo anayempinga mkubwa, kwa sababu mkubwa bado hajasema. Tumeona vikundi viwili au vitatu vikifanya hivi. Siku za kwanza ni kimya kirefu chenye aibu, watu wanatazama miguu yao, mtoto analia, mtu anakohoa. Msikatize kimya hicho. Mtu wa kwanza akishasema bila kuchekwa, wa pili hachelewi.

Msichana amesema. Msinunue mitungi 50. Azimeni 10, wiki mbili. Lakini kabla ya kuanza, hesabuni wiki moja: ni wateja wangapi wanakuja asubuhi, wanabeba mitungi mingapi. Bila hesabu ya kabla, hesabu ya baada haina maana, kila mtu ataona anachotaka kuona. Andikeni pia, kabla hamjaanza, ni jambo gani likitokea mtakubali kwamba limeshindwa. Mkingoja mpaka mwisho, mwenye wazo atalitetea na mpinzani atalizika, na urafiki utakwenda nalo.

Na likishindwa, daftari lisichanwe. Kuna kisa cha kampuni moja ya Marekani, 3M. Mwaka 1968 mtaalamu wao Spencer Silver alikuwa akitafuta gundi kali, akapata gundi dhaifu inayoshika na kubanduka. Haikuwa na kazi. Lakini hakuificha, aliendelea kuwaonyesha wenzake. Miaka ikapita. Mwenzake Art Fry alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani, na vikaratasi alivyowekea alama katika kitabu cha nyimbo vilikuwa vikidondoka kila mara. Mwaka 1974 akaikumbuka ile gundi dhaifu. Vile vikaratasi vya rangi vinavyobandikwa ofisini, ambavyo karani wa chifu anavibandika kila mahali, vilitoka hapo, vikaanza kuuzwa kote Marekani 1980. Miaka 12! Kampuni ile ina desturi ya kumruhusu mfanyakazi sehemu ya saa zake kwa jambo lake mwenyewe analotaka kulijaribu, na ina kumbukumbu ndefu. Sisi vikundi vyetu tunaandika michango na faini za waliochelewa, kurasa kwa kurasa, lakini sabuni iliyokataa kuganda mwaka juzi haiko popote. Mwaka huu kikundi cha mtaa wa pili kinaichemsha tena kwa kipimo kile kile, kwa mafuta ya bei ya juu zaidi.

Liko jambo moja zaidi, na ndilo linalowatoa vijana katika vikundi. Kijana analeta wazo, linafaulu, na ripoti inasomwa: "Kikundi kimeanzisha mradi." Jina lake halimo. Mwezi wa tatu hayuko, amekwenda kufungua kibanda chake, na tunasema vijana hawana uvumilivu. Liandikeni jina lake katika kumbukumbu za mkutano, siku ile ile. Na mkubaliane mapema sehemu atakayopata katika faida ya miezi ya kwanza, hata iwe ndogo. Wachongaji wa Port Reitz wana namba kwenye kila kipande, ndogo, chini kabisa mahali ambapo mtalii hatazami. Mchongaji anajua ilipo.

Kuna mama ametuuliza kabla hatujaanza: je, kikundi kikiwa na deni la benki, bado kiweke shilingi tano hizo? Jibu letu ni ndiyo, ila anzeni na mbili. Mwenye deni ndiye asiyeweza kumudu kujaribu kitu kikubwa siku ya mwisho akiwa amebanwa ukutani. Mwingine ameuliza kama pesa za mfuko huu zinaweza kukopeshwa zikiwa zimekaa tu. Hapana. Mkizikopesha zitakuwa na mwenyewe anayezidai, na siku ya kujaribu mtaambiwa ziko kwa fulani, anazirudisha mwisho wa mwezi.

Kwa mkutano ujao tunaviomba vikundi vije na ukurasa mmoja tu. Juu yake andikeni jambo moja ambalo mwanachama anayeshika kazi amelisema, kwa maneno yake, bila katibu kulipamba. Chini yake andikeni hesabu ya wiki moja ya kazi yenu kama ilivyo sasa. Wenye maji wahesabu mitungi, wenye kuku wahesabu mayai, wenye gereji wahesabu magari yaliyorudi na shida ile ile. Vijana wa huko nyuma, nyinyi ndio mtakaohesabu.